Nguchiro Kwenye Kofia

Jumamosi, 6 Mfunguo Saba, mwaka 1323 (bomani wanauita 1905)

Juzi Huseni amenipa talaka. Moja. Ameitamka barazani mbele ya watu wawili, na mimi sikulia. Nililia baadaye jikoni, nikausingizia moshi.

Nimeamua kuandika. Eda hainiruhusu kutoka, na ulimi wangu haujazoea kukaa bure. Baba yangu Yunusu, Mungu amrehemu, alinifundisha herufi chuoni kwake pamoja na wavulana. Watu walimsema, hakujali. Karatasi hizi ni za Huseni. Amezisahau. Shauri yake.

Kisa chenyewe ni pamba. Serikali imeamuru kila jumbe huko milimani alimishe shamba la pamba, na akida wa Kipatimu alikuwa anatafuta watu wa kusimamia. Huseni akaipata kazi, akaja nayo nyumbani amechangamka kama bwana harusi. Kumbe mjomba wangu Likwata, kaka yake marehemu mama, yumo katika hao wanaolimishwa. Mwezi uliopita alichelewa shambani. Akalazwa chini, akapigwa hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano, mzee yule! Na Huseni alikuwa amesimama pale. Hakupiga yeye. Lakini alikuwa amesimama.

Nilimwambia sitampikia tena kwa vyungu vyangu. Akasema basi nimfuate Kipatimu nikaone mwenyewe kazi ilivyo. Nikasema siendi kustarehe juu ya mgongo wa mjomba wangu. Akasema maneno, nami nikasema zaidi — mimi huwa nasema zaidi. Mwisho akatamka.

Sasa sheria ni hii. Ninakaa katika nyumba yake mpaka hedhi ya tatu inijie. Hadi hapo yeye ndiye anayenilisha, na akitaka anaweza kunirejea kwa neno moja tu, bila mahari mpya wala ndoa mpya. Hedhi ya tatu ikionekana, basi, kila mtu na njia yake. Yeye amehamia kwa dada yake, wifi yangu Kudra, mtaa wa pili.

Nimebaki na Chiku, nguchiro wangu. Amelala mapajani ninapoandika. Mkia umeingia kwenye wino.

Jumanne, 16 Mfunguo Saba

Kadhi, Sheikh Abdurahmani, ametuma mtu. Huseni amenishtaki! Si kwa kitanda. Si kwa ule mlango wa nakshi anaojivunia. Kwa Chiku. Anadai mnyama ni wake na anamtaka.

Nilicheka mpaka mjumbe akaona haya. Alipoondoka nikakaa chini, kicheko kikaisha. Nasikia Huseni alikwenda kwanza bomani kwa Bwana Shauri, mzungu anayesikiliza kesi. Makarani wakamwambia mambo ya talaka na paka yapelekwe kwa kadhi. Akawajibu si paka, ni nguchiro. Wakazidi kumcheka. Mtu mzima, na heshima zake!

Nakumbuka vizuri Chiku alivyokuja. Masika ya mwaka juzi swila aliingia jikoni, akajikunja nyuma ya mafiga. Aliuawa, lakini mimi jikoni sikuingia tena. Nilipika uani, mvua inanyesha, wali unakuwa uji, na Huseni anaula bila kunung'unika. Kisha akaenda Njinjo kwa shughuli zake. Siku aliyorudi alikuwa kichwa wazi. Huyu mtu haendi hata kisimani bila kofia! Amevuka mji mzima kichwa wazi, watu wanamtazama, na kofia ameishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Ndani yake mtoto wa nguchiro, macho hayajafumbuka vizuri. Akaiweka kofia mapajani mwangu. Hakusema kitu, alikuwa anahema. Kofia ile niliishona mimi, kwa sindano yangu, kitundu kwa kitundu. Kudra alikuwepo, anachambua mchele.

Nilimlisha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Jina alijipa mwenyewe, kwa kelele zake. Nyoka hajaonekana tena jikoni. Mayai ya jirani yangu Bi Mboni nayo hayaonekani, lakini hilo ni jambo jingine.

Simtoi. Afadhali auchukue huo mlango wake.

Hedhi ya kwanza imekwisha kupita. Zimebaki mbili.

Alhamisi, 18 Mfunguo Saba

Kadhi ana mafua. Amekuja hapa kwa kuwa mimi sitoki. Yeye, Huseni na Kudra barazani, mimi nyuma ya pazia la mlango, Chiku ndani ya kanga yangu. Huseni sikumwona, nilimsikia tu. Sauti imekauka.

Alisema nguchiro ni mnyama wa porini, na wa porini ni wa aliyemshika. Yeye ndiye aliyemshika, akaumwa kidole, kovu lipo. Nikasema aliyemshika alinipa. Kadhi akauliza kama alitamka kwamba anatoa. Hakutamka. Nikasema aliniwekea mapajani, na kofia yake. Kadhi akauliza kofia iko wapi.

Huseni akasema, “Hii hapa kichwani. Alinirudishia kesho yake, ameifua. Chombo kikirudishwa, sheikh, na kilichomo si amana?”

Nilitaka kulipasua pazia! Niliifua kwa sababu mtoto wa nguchiro aliikojolea. Niliirudisha kwa sababu mume wangu alikuwa anatembea kichwa wazi. Nikayasema hayo, kwa sauti kubwa kuliko inavyomfaa mwanamke aliye edani, mpaka wapita njia wakasimama. Kudra akaulizwa. Akasema ameona kofia ikiwekwa mapajani, lakini ndani ya moyo wa kaka yake hakuingia. Huyo ndiye wifi yangu.

Kadhi alipiga chafya, akajifuta, akahukumu. “Hiba haikuthibiti, kwa hiyo mnyama ni wa aliyemshika. Lakini eda haijaisha, na maadamu haijaisha nyumba hii haivunjwi. Nguchiro atakaa na Bibi Ziada. Eda ikiisha, akabidhiwe Huseni, na Huseni asipokuwepo, dada yake. Mpaka hapo Huseni anaweza kuja kumwona. Akae barazani.”

Akatafuta viatu vyake. Akasema, kama mtu anayesema na viatu, kwamba Huseni akimrejea mkewe kesi hii itakufa yenyewe, na yeye atashukuru kwenda kulala.

Nikangoja. Huseni hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu.

Ijumaa, 26 Mfunguo Saba

Amekuja baada ya sala ya Ijumaa, na mayai mawili mkononi. Nikamfungulia Chiku mlango. Akamkimbilia, akampanda begani, akamtia pua sikioni kama zamani. Msaliti mkubwa!

Nikasimama nyuma ya mlango. Huseni akazungumza na Chiku. Mimi hakuniambia neno. Akamwambia kwa Kudra kuna panya. Akamwambia wali wa Kudra una mawe. Akamwambia ghala la pamba kule Kipatimu limejaa nyoka na hapati usingizi. Kwamba watu wa kule hawamwamkii tena, hata watoto wanampita kimya. Kwamba siku ile ya mzee Likwata alimwomba akida apunguze viboko, akida akamwuliza kama anataka kulala chini pamoja naye, na yeye akanyamaza. Kwamba kunyamaza kule ndiko kunakomnyima usingizi, si nyoka.

Hilo sikuwahi kuambiwa. Tumegombana siku zote zile na hakuniambia! Amemwambia nguchiro.

Na sasa nimelielewa shtaka lake. Hamdai Chiku. Anatafuta mlango wa kubishia hodi. Siku nyingine ningemcheka.

Nikasema kutoka ndani, “Usirudi Kipatimu.”

Akamshusha Chiku begani. Kisha akasema, “Nisiporudi, binti Yunusu, watanifunga mimi.”

Akaaga. Amesema mwezi ukiandama atakuja tena kumwona Chiku. Kumwona Chiku! Lile neno moja alikuwa nalo pale barazani, amelikalia pamoja na maganda ya mayai. Na mimi nilikuwa na langu: ningeweza kumwambia kwamba nalingoja. Sikumwambia. Aliyeacha ni yeye. Siwezi kuachwa mimi, na kubembeleza mimi tena.

Jumatano, 9 Mfunguo Nane

Mwezi umeandama, Huseni hajaja. Labda amenyimwa ruhusa. Labda amechoka na mlango.

Hedhi ya pili imenijia leo.

Bi Mboni amelalamika tena juu ya mayai. Nimemwambia asinisumbue mimi, kisheria mnyama si wangu. Amekasirika. Nimefurahi kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 28 Mfunguo Nane

Mji umechafuka. Wamatumbi, watu wa milimani, wameng'oa pamba. Habari zimekuja na wapagazi walioacha mizigo njiani. Wameing'oa kwa mikono, shamba zima, ngoma zinalia. Wanasema kuna dawa ya maji kutoka Ngarambe, mwenye kuinywa risasi inamgeukia maji. Maduka yamefungwa. Askari wanapita mbio kuelekea boma. Bi Mboni ametia kuku wake kwenye tenga na hajui aende nao wapi.

Nilifurahi. Naandika kweli, kwa kuwa hakuna asomaye. Niliposikia pamba imeng'olewa nilifurahi kwa ajili ya mgongo wa mjomba. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kisha nikakumbuka ni nani aliyewekwa kulilinda ghala.



Jumamosi, 3 Mfunguo Kenda

Hakuna habari. Wanaokuja kutoka bara kila mmoja ana lake. Akida amekimbia. Akida ameuawa. Kipatimu imeteketea. Kipatimu haijaguswa.

Watu wananitazama kwa jicho jingine. Mama yangu alikuwa Mmatumbi, na ghafla kila mtu amelikumbuka hilo. Jana askari wawili wamesimama barazani wakiuliza kama nina ndugu milimani. Nikasema ninao, na mume wangu ninaye huko huko. Nimesema mume wangu. Lilitoka lenyewe.

Kudra amekuja bila hodi. Amekaa chini, amevuta ungo, tumechambua mchele pamoja. Chiku akapita juu ya ungo na kumwaga nusu yake. Hakuna aliyemkemea. Kudra alipoondoka alimgusa kichwani kwa kidole kimoja, yeye ambaye siku zote anamwita panya mkubwa.

Ninamwogopea mume wangu. Ninamwogopea mjomba wangu. Siwezi kumwombea mmoja bila kumwonea hofu wa pili, na Mungu anisamehe, naomba tu wasikutane.

Alhamisi, 8 Mfunguo Kenda

Asubuhi nimeona damu. Ya tatu. Eda imekwisha.

Nimekaa kitandani muda mrefu. Kisha nikafanya vile mtu anavyopaswa kufanya: nikavuta sanduku, nikatia kanga zangu, sindano zangu, msahafu wa baba. Nyumba ya baba paa lake limebomoka upande mmoja, lakini ni kwangu. Vyungu nitavifuata baadaye. Kilichobaki ni Chiku. Alikuwa anaingia sandukuni na mimi namtoa, anaingia na mimi namtoa. Nilikuwa nimekwisha mfunika kanga ili nimpeleke kwa Kudra kama alivyohukumu kadhi, lakini Kudra akaingia mwenyewe, anahema.

Mpagazi mmoja, Bakari, amefika kwake leo. Alikuwa ghalani pamoja na Huseni. Ijumaa iliyopita watu waliwazunguka, wengi, wana mikuki na mabua ya mtama vichwani kuwa alama yao, na aliyetangulia mbele alikuwa mjomba wangu. Yule yule Likwata. Bakari ameona makovu mgongoni mwake.

Watu walitaka Huseni auawe hapo hapo. Likwata akawazuia, akasema huyu ni mkwe wake. Mmoja akabisha: si alikwisha mwacha mwanao? Habari za talaka yetu zilikuwa zimefika milimani kabla ya risasi! Basi Likwata akamgeukia Huseni akamwuliza mbele ya wote.

“Ni mke wako au si mke wako?”

Na Huseni akasema, “Ni mke wangu. Nimemrejea.”

Bakari na wapagazi wengine wakaachwa waende. Amejificha njiani siku nyingi. Mwisho wa Huseni hakuuona.

Kudra alikuwa analia kwa furaha na kwa hofu pamoja. Amenirejea! Ijumaa! Ijumaa nilikuwa bado edani! Alinishika mabega. Mimi nikamtoa mikono yake. Nimewaka hasira. Wiki zote hizi alikuwa na nafasi. Barazani kwa kadhi, alikuwa na nafasi. Ijumaa ile na mayai yake, mimi niko nyuma ya ubao wa mlango! Alinyamaza. Neno lile limemtoka siku mkuki ulipomkaribia. Amejifunika mimi kama mtu anavyojifunika jamvi mvua ikimkuta njiani.

Au amesema kweli? Nitajuaje?

Sikumwambia Kudra habari ya damu. Aliliona sanduku, na hakuuliza. Ameondoka bila Chiku.

Jumamosi, 10 Mfunguo Kenda

Kadhi amekuja asubuhi, na Kudra, na Bakari. Mafua yamekwisha, amekonda, mji mzima unamlilia. Pazia lile lile. Bakari ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Amerudia yale yale aliyomwambia Kudra, hakuongeza wala hakupunguza, isipokuwa amesema Huseni alipolitamka lile neno alikuwa anamtazama Likwata machoni, na kwamba miguu ilikuwa inamtetemeka. Basi. Miguu ilitetemeka. Ndivyo nilivyodhani.

Kadhi akaniuliza kama eda imekwisha. Nikasema imekwisha, tangu juzi asubuhi. Nilimsikia Kudra akivuta pumzi.

Kadhi akasema, “Neno la kurejea likitamkwa ndani ya eda limefunga. Lakini shahidi aliye mbele yangu ni mmoja, na wa pili ni mjomba wako aliye vitani. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ukimsadiki mumeo, wewe ni mke wake, utakaa hapa umngoje. Na ikija habari mbaya, utamkalia eda ya kufiwa, na kumlia kwa haki. Ukikanusha, wewe si wake tangu juzi. Uko huru. Mnyama mpe dada yake leo, nami nimemaliza.”

Akasema anakwenda kuswali adhuhuri, akirudi anataka jibu moja, maana wako wengi wanaomngoja.

Wamekwenda, yeye na Kudra. Nikadhani na Bakari amekwenda. Kumbe amebaki barazani. Akabisha taratibu. Akasema kuna kitu alikabidhiwa, na aliambiwa akitie mkononi mwangu mimi, si kwa kadhi wala kwa dada mtu, ndiyo maana amengoja. Akapitisha mkono chini ya pazia.

Kofia.

Niliijua mishono yangu kabla ya kuishika. Ina vumbi la njia nzima, imekunjamana kwa kulala kifuani mwa mtu, na pembeni ina doa ambalo sitaki kulichunguza.

Bakari anasema walipokuwa wanaachiwa, na Huseni anapelekwa upande mwingine na watu wa Likwata, alimwita. Aliivua kichwani akampa. Akasema, “Mpe Ziada. Mwambie safari hii asiirudishe.”

Bakari ameniuliza kama naelewa, maana yeye hakuelewa, na Likwata hakuelewa, wala hakuna mtu pale aliyeelewa. Nimemwambia naelewa. Amekwenda zake.

Likwata hakuelewa! Lile neno la kwanza lingeweza kuwa la mjomba na mikuki yake. Hili si lao. Hili halikumwokoa na kitu. Ameiacha kesi yake pale pale mbele ya mauti, kesi aliyoipeleka mpaka bomani wakamcheka, na mlango wake wa kubishia ameufunga mwenyewe. Chiku ni wangu. Alinipa. Tangu siku ile ya kwanza alinipa.

Na amekwenda kichwa wazi. Ninamwona. Mbele ya watu wote wale, Huseni, kichwa wazi.

Ninalia na sijui kama ninamlilia mtu aliye hai.

Chiku ametoka chini ya kitanda, ameinusa kofia, ameizunguka, na sasa anajaribu kuingia ndani yake. Haenei. Kichwa kimeingia na miguu ya mbele, mwili wote uko nje. Amelala hivyo hivyo.

Viatu vya kadhi barazani. Anakohoa. Kudra ananiita kutoka nje, kwa jina, hajui kama bado aniite wifi.

Nimesema wanisubiri kidogo, jibu ninalo. Kofia sitaifua.